Gari Lilisimama kwa Mama Kyabu

Jumanne, saa tano ya asubuhi, gari la marehemu Amédée lilisimama mbele ya lango la Mama Kyabu likiwa na maiti ya kijana Divin ndani, likakataa kwenda mbele.

Jambo lenyewe lilikuwa hilo tu. Moshi mweupe ulitoka mbele, chini ya capot ya moteur, maji ya radiateur yakamwagika mchangani yakichemka kama maji ya kusongea bukari, na dereva Nahum aliyeshika volant akazima moteur kabla haijapasuka. Gari ni 404 ya zamani, break ya mgongo mrefu, nyeusi, imezaliwa mwaka mmoja na Nahum mwenyewe. Gari la umri ule likichemka nani wa kushangaa? Unalimwagia maji, unangoja, unaendelea.

Lakini wale waliotangulia wakiimba waligeuka, na hawakuona radiateur. Waliona lango. Hapa Kamina mtu hulishwa neno hili pamoja na uji: mfu aliyekufa kwa mkono wa mtu hakubali kupita kwa mtu huyo. Zamani sanduku lilikuwa linakuwa zito mabegani mwa vijana, linawavuta upande mpaka linagonga ukuta wa mwenye kosa. Siku hizi wafu wanaenda kwa gari, basi gari ndilo linalokataa.

Na Mama Kyabu, maskini, akajifungia kamba kwa mkono wake mwenyewe. Yeye ni mjane wa miaka sabini na kitu, anauza mihogo mikavu mbele ya lango lake, hana mtoto aliye hai. Aliposikia maji yanachemka nje alifanya kile ambacho Mkristo anafanya: alitoka na beseni la maji.

Malachie, kaka mkubwa wa Divin, akalipiga teke beseni.

"Ulijua namna gani gari itasimama kwako? Maji ulishatayarisha!"

"Mwanangu, nilisikia tu..."

"Minyi hapana mwana yako! Bantu, munaona? Alikuwa anamungojea!"

Mama Clotilde aliyaona yote. Alikuwa amekaa pale anapokaa kila maziko, kiti cha mbele, rozari mkononi, kwa maana gari ni lake tangu mume wake Amédée alipolala, na kubeba wafu wa watu ndiko kunakomlisha. Alijua gari limechemka. Tangu kanisani alikuwa anautazama ule mshale unaoonyesha moto wa moteur ukipanda, na badala ya kumwambia shemeki wake Nahum asimame kivulini, alisali Salamu Maria ili wafike. Na watu walipoanza kumpigia Mama Kyabu kelele, yeye Clotilde, ambaye kinywa chake kinaongoza litania ya kina mama kila Alhamisi, hakukifungua.

Vijana walilishusha sanduku wakalibeba mabegani mpaka makaburini. Usiku ule mawe yalianguka juu ya manjanja, mabati ya paa la Mama Kyabu, na usiku uliofuata tena.

Kisha siku ya Alhamisi bibi ya Divin, mama ya baba yake, naye akafa. Alikuwa mgonjwa wa tension, damu ya kupanda, miaka mingi, upande wa kuume ulishapooza, lakini nani angelikumbuka hilo? Wawili, nyumba moja, juma moja.

Saa sita Papa Monga alikuja kwa Mama Clotilde. Ndiye baba ya Divin, mkarani wa reli aliyepumzika kazi, mtu wa maneno machache. Malachie alimfuata nyuma, hakukubali kiti.

"Mama Clotilde, mama yangu amekufa leo asubuhi."

"Poleni, papa. Vidye Mungu amupokee."

"Tutamuzika kesho kutwa, Samedi. Tunataka gari yako."

Mama Clotilde alitazama miguu yake. "Papa, gari iko na ugonjwa. Muliona benyewe. Mutafute camionnette..."

"Hapana camionnette," akasema Malachie. "Ile ile. Na njia ile ile."

Papa Monga aliinua mkono, Malachie akanyamaza. "Mama, sikia. Nimezika mutoto, sasa nazika mama. Hawa bijana banataka kuchoma nyumba ya Kyabu, na yeye ndani. Minyi njo ninabazuia. Nimebaambia: gari ipite tena pale. Ikipita, hakuna mutu atamugusa ule mama. Ikisimama..."

"Ikisimama je, papa?"

"Niko mutu moya, mama. Mikono yangu ni mbili tu."

"Na usihangaike juu ya essence ya gari," Malachie akasema akiwa mlangoni. "Tunayo bidon muzima." Akacheka kidogo, akatoka.

Jua lilipopunguka kidogo Mama Clotilde alivuka parcelle moja, kiwanja cha jirani, akagonga kwa Mama Kyabu. Aligonga sana, hakufunguliwa mpaka alipotaja jina lake mwenyewe. Ndani madirisha yote yalikuwa yamefungwa, kunanuka mihogo na jasho la mtu mwenye hofu. Mama Kyabu alikuwa amekaa kitandani, amevaa viatu.

"Yaya, dada yangu, uende kwenu Bukama," akasema Clotilde. "Nitakutafutia nafasi ndani ya train."

"Bukama kwa nani? Wote balikwisha kufa. Na nikikimbia, si njo watasema ni kweli?" Mzee alimtazama kwa macho makavu. "Clotilde. Weye ulikuwa ndani ya gari. Nini ilisimamisha ile gari?"

"Ni moto tu, yaya. Moteur ilipata moto."

"Basi ubaambie."

"Hawataniamini."

"Ulijaribu?"

Clotilde alimwachia mkate aliomletea akarudi kwake, na njiani aliona lile beseni bado limelala kichwa chini mbele ya lango. Hakuna aliyethubutu kuligusa. Hata yeye alilipita.

Siku ya Ijumaa jua likichomoza walilisukuma gari mpaka kwa fundi Bolingo, nyuma ya gare ya train. Bolingo alifanya kazi ya depot ya reli pamoja na Amédée, mikono yake haijawahi kuwa myeupe tangu hapo.

"Eh, Mama wa bafu, mama wa maiti!" akapiga kelele. "Unakuja kunibeba? Rudia kesho, leo bado nakula."

"Bolingo, leo usicheke na minyi."

Alimweleza yote. Bolingo akaweka chini kikombe chake. Alifungua capot, akainama, akatazama radiateur kwa mbele na kwa nyuma, na alipoinuka hakuwa tena mtu wa mchezo.

"Mama, mwezi wa tatu nilikuambia nini?"

Mama Clotilde alikumbuka vizuri. Gari hili lilitoka kiwandani na ventilateur, feni ya kupoza radiateur, inayofungwa kwenye moteur kwa courroie, mkanda wa mpira, na katikati yake kuna sumaku: moto ukizidi, sumaku inaishika na inazunguka; moto ukishuka, inaiachilia. Mwezi wa tatu sumaku ilikufa. Bolingo alimwambia, tuikaze kwa skrubu, vis tatu, izunguke saa zote pamoja na moteur, sumaku tuiache na Mungu wake. Itapiga kelele, lakini itapuliza.

Ni ile kelele iliyomkwaza. Angewezaje kuongoza rozari mbele ya sanduku, huku gari linalia kama moulin ya kusaga mahindi? Akaenda sokoni na Nahum kutafuta nyingine. Muuzaji aligusisha nyuzi za ventilateur ndogo ya plastiki, ya umeme wa courant, iliyotolewa katika kigari kidogo, kwenye batterie, nayo ikazunguka taratibu kama pumzi ya mtoto aliyelala. Mama Clotilde akasema: hii. Alichagua kwa sikio. Hakuuliza inapuliza kiasi gani, wala kuelekea wapi.

"Iko inafanya bien," Nahum akajitetea. "Juma iliyopita nilienda kuijaribu mpaka Base, kambi ya baaskari, nikarudi, haikuchemka."

"Kule Base ulienda mbio. Upepo wa njia njo ulikusaidia. Mu maziko unaenda na mbio gani? Ya bamama benye kuimba!" Bolingo akafuta mikono. "Na juu ya nini uliiweka mbele ya radiateur?"

"Nyuma haikuenea."

Hapo Mama Clotilde akashika mlango wa gari. Alikuwa mtu wa kutazama, hata asipoelewa anatazama, na kitu alichokitazama Jumanne kilimrudia sasa. Kwenye maziko wanafunga kitambaa cheupe mbele ya gari, juu ya vile vyuma vya radiateur. Jumanne, gari likienda polepole, kitambaa kile kilikuwa kimefura kuelekea nje, kuelekea migongo ya waimbaji, kama tumbo la mwenye mimba. Hata alifikiri ni kizuri.

"Bolingo. Washa hiyo kitu."

Waligusisha nyuzi zake kwenye batterie. Mama Clotilde alivua kitambaa cha kichwa chake akakishika mbele ya gari. Kitambaa kikaruka nje kikampiga usoni.

Bolingo akachomoa nyuzi kwenye batterie.

"Shemeki Nahum," akasema Bolingo polepole, "ulivalisha gari suruali nyuma-mbele. Hii ni ya kukaa nyuma na kuvuta. Weye umeiweka mbele, basi inatoa moto wa moteur, inaurudisha ku radiateur. Mulikuwa munapika maji."

"Tugeuze nyuzi, basi! Itazunguka upande ingine."

"Itazunguka. Lakini angalia mabawa yake namna yamepinda. Yamefanywa kwa upande moya. Ukiigeuza itapuliza kama muzee anapuliza chai." Akaenda ndani akarudi na ventilateur ingine, kubwa kama sinia ya harusi. "Hii ni ya camion ya mizigo. Hii inavuta kweli. Lakini inakunywa batterie. Dynamo ya mzee Amédée, gari ikitembea kwa miguu, haitaishibisha. Nusu saa, batterie imekufa. Na batterie ikikufa, moteur inazima. Mbele ya nani? Siwezi kukuambia."

Mama Clotilde aliitazama ile kubwa, akaitazama ile ndogo. Mwanamke mmoja alikuwa amekaa kitandani na viatu miguuni, na uhai wake ulikuwa hapa chini, kati ya mafuta na vumbi, katika kuchagua vizuri au kuchagua vibaya.

"Ile ya kwanza," akasema. "Ya Amédée. Ninayo chini ya kitanda."

"Hukuitupa?"

"Kitu cha mume wangu nitatupa kwa nini?"

Nahum alikimbia akaileta, imefungwa ndani ya salopette, ovaroli ya kazi ya depot, bado ina harufu ya mwenyewe. Bolingo aliifunga mahali pake, akaanza kukaza vis. Ya kwanza ikashika. Ya pili ikashika. Ya tatu ikazunguka bure: meno yalikuwa yamelika. Alijaribu nyingine, na nyingine, mpaka mchana. Hakuna iliyokubali.

"Mbili zinatosha?" akauliza Mama Clotilde.

"Kwa kutembea polepole, zitavumilia. Lakini Nahum asikimbie, mama. Akikimbia itatoka na kupasua radiateur."

"Na wakianza kututupia mawe?"

Bolingo akainama kukusanya vyombo vyake. "Hapo mutashuka, mukimbie na miguu."

Walipowasha, ventilateur ililia. Ililia kwa nguvu mpaka kuku wa jirani wakakimbia. Mama Clotilde akashika kitambaa mbele ya gari, nacho kikavutwa, kikalala bapa juu ya radiateur kama kimegandishwa. Waliacha moteur inazunguka juani saa nzima, gari limesimama. Mshale ulipanda mpaka katikati, ukakaa. Yeye hakuondoa macho hata kufuta jasho.

Alipoondoka alichukua ile ndogo ya plastiki akaifunga katika kitenge. Bolingo alimuuliza ya nini. "Ni dhambi yangu," akasema. "Nitatembea nayo."

Jumamosi watu walikuwa wengi kuliko Jumanne. Wengine hawakumjua bibi wala Divin, walikuja kuona gari. Mama Clotilde alikaa mahali pake, kitenge chenye ile ventilateur kati ya miguu yake. Mbele, kitambaa cheupe kilikuwa kimelala bapa. Wimbo ulianza, na kelele ya moteur ikaumeza. Mama mmoja aligeuka akakunja uso. Mtu mwingine katika kiti kile angeona aibu. Mama Clotilde aliisikia kelele ile kama kengele ya Pasaka, akaomba isinyamaze.

Vijana wa Malachie walitembea mbele kabisa, na mmoja alibeba bidon ya njano begani.

Walipofika kwa Mama Kyabu, Malachie akainua mikono miwili. Waimbaji wakasimama. Wakaanza kucheza pale pale, wakizunguka, vumbi linapanda, na gari halina pa kupita. Malachie alitaka kumpa mfu nafasi ya kusema. Lango lilikuwa limefungwa. Beseni lilikuwa bado kichwa chini.

"Mama, batanisimamisha," Nahum akanong'ona. Shati lake lilikuwa limemshika mgongoni.

"Usizime. Enda kidogo, simama, enda kidogo."

Mshale ukafika katikati. Ukapita katikati. Mama Clotilde alisikia, ndani ya kilio cha ventilateur, mlio mwingine mdogo, kama meno yanayosagana, akajua ni zile vis mbili. Alihesabu rozari bila kusema maneno yake, kwa sababu maneno yalikuwa yamemtoroka. Bwana, zishike. Bwana, zishike na mkono wako, minyi mikono yangu haifiki.

Mshale ukatetemeka, ukabaki pale pale.

Waliocheza wakachoka kwanza. Mmoja akapisha, wawili wakapisha, na 404 ikasogea, ikalipita lango la Mama Kyabu, tairi la nyuma likalipita pia. Kina mama wakapiga vigelegele. "Si yeye! Si yeye!"

Mama Clotilde alifunga macho. Aliyafungua tena aliposikia sauti ya Malachie.

"Kama si yeye, ni mwingine! Bibi atatuonyesha. Tumufuate! Muangalie atasimama kwa nani!"

Watu wote wakageuka kutazama malango ya mbele. Kwenye parcelle iliyofuata Mama Béthanie, mke wa mwalimu, alikuwa amesimama nje na mtoto mgongoni. Alipoona macho ya watu na gari linakuja, aliingia ndani mbio akafunga lango, na Mama Clotilde akasikia kufuli.

Ndipo alipofahamu amefanya nini. Hakumwokoa mtu. Alikuwa amewatengenezea gari zuri la kutafutia walozi, wachawi wa kusingiziwa. Leo lingepita kote, na siku vis zile zitakapoachia, mbele ya lango lolote, bidon ingekuwa tayari.

Lango la tatu lilikuwa lake mwenyewe.

"Nahum, simama."

"Hapa? Mama, hapa ni kwetu!"

"Njo maana nasema simama. Usizime moteur."

Gari likasimama. Wimbo ukakatika kama uzi. Mama Clotilde akashuka na kitenge chake, akafungua capot mbele ya umati.

"Gari haijasimama," akasema kwa nguvu kuishinda ventilateur. "Minyi njo nimeisimamisha. Na Jumanne, minyi njo niliisimamisha."

"Sema vizuri, mama," akasema Papa Monga.

Akafungua kitenge, akawaonyesha ile ya plastiki. "Hii nilinunua sokoni. Bolingo alinikataza. Niliitaka juu haina kelele, ili wimbo usikike. Munaona kitambaa pale mbele? Kimelala. Upepo unaingia. Sasa muangalie." Akainama, akagusisha nyuzi kwenye batterie jinsi alivyomwona Bolingo akifanya, akashika leso yake mbele ya mabawa yale. Leso ikaruka nje. "Njo hivi ilikuwa inafanya Jumanne. Ilifukuza upepo. Maji ikachemka. Niliona mshale unapanda, nikanyamaza. Mulipomutukana Kyabu, nikanyamaza tena."

"Unamutetea mulozi mwenzako!" Malachie alimnyang'anya mwenzake bidon.

"Nyumba yangu njo hii, mutoto," akasema Mama Clotilde. Akamwonyesha lango kwa mkono. "Gari imesimama kwangu. Kama ni hivyo munamujua mulozi, mwaga."

Kisha Papa Monga akatoka katikati ya watu. Alilizunguka gari polepole, miaka yake yote ya reli ikimrudia usoni, akaweka mkono wake wazi mbele ya radiateur. Aliuacha pale muda mrefu. Mkono wa shati lake ulikuwa unavutwa ndani.

"Inavuta," akasema. Halafu, bila kugeuka: "Basi mutoto wangu hakukataa kupita?"

"Divin hakukataa kitu, papa. Alikuwa anaenda. Ni minyi nilimukatia njia."

Mzee akatikisa kichwa, akatikisa tena, na machozi ambayo Jumanne yalishindwa kutoka yakatoka sasa, mbele ya vijana wote, mkono ungali kwenye upepo.

"Malachie."

"Papa."

"Hiyo essence uimwage ndani ya gari. Makaburi iko mbali."

Malachie alisimama. Mwishowe akamkabidhi Nahum bidon, hakumtazama.

"Na maji," akasema Nahum kwa woga. "Imepunguka kidogo."

Papa Monga akageuka, akatazama nyuma, malango mawili, mahali palipolala beseni.

"Malachie. Enda kwa Mama Kyabu, uombe maji."

Watu wakampisha. Kijana akatembea peke yake, akafika, akainama akaliokota lile beseni, akapangusa mchanga kwa kiganja. Kisha akasimama mbele ya lango na beseni mikononi, kama mtu asiyejua hodi inapigwaje.

Mama Clotilde alikuwa anatazama. Nyuma yake ventilateur ya Amédée ilikuwa inalia, vis mbili zikisagana, mshale katikati.

"Hodi," akasema Malachie. Hakuna aliyejibu. "Hodi, mama. Tunaomba maji."

Ndani, viatu vikaanza kutembea kuja mlangoni.